Wasifu Uliofichwa Pipani

Kwa miaka ishirini na saba Tabea alikuwa mpiga chapa wa usharika, na kila aliyefariki upande ule wa Kimandolu, wasifu wake ulipita kwenye vidole vyake. Alikuwa na fomu moja aliyoitunga mwenyewe, yenye nafasi za kujaza: marehemu fulani alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto kadhaa, akaanza kuugua. Mwishoni kila mmoja, awe mlevi awe mcha Mungu, alipewa sentensi ileile: "Marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi na mpenda ibada."

"Baba Anande," akamwambia mumewe Gadiel siku moja, "mimi hiyo fomu msinijazie. Ukiisikiliza utadhani kati ya ndoa na kuugua watu walikuwa wamelala."

Basi akaandika wake. Ilimchukua Kwaresima nzima, kila asubuhi baada ya chai, amefunga mlango wa sebule. Gadiel akiwa uani alisikia vitufe vikigonga, mara kicheko, mara kimya kirefu, na siku moja alimsikia akilia. Alipomaliza hakumsomea hata mstari. Alimwonyesha tu alipouweka: kwenye pipa la taka la kompyuta, kale kapicha ka pembeni. Wajukuu wakija likizo hufungua kila faili, alisema, lakini takataka hakuna anayezichokonoa.

"Usiufungue kabla ya siku yangu. Yamo mambo ya watoto. Na yako pia yamo."

"Mabaya?"

"Utayakuta."

Gadiel hakuona ajabu yoyote kitu cha maana kuwekwa pipani, na hapo ndipo pa kumwelewa, maana balaa lote lilianzia hapo. Alikulia Akheri, kwenye migomba na kahawa. Kwao jaa si mahali pa kutupa, ni mahali pa kuweka. Maganda, majivu na samadi hukaa pale msimu mzima, na ole wako uguse bila ruhusa ya mama mwenye shamba. Ukubwani akawa bwana mifugo, miaka thelathini ya sindano na chanjo kwenye vumbi la Oldonyo Sambu. Ng'ombe aliwajua mmoja mmoja. Kompyuta alijua kuiwasha na kuizima, kufungua faili na kudonoa herufi kwa kidole kimoja, basi.

Mwezi wa tano Tabea alipigwa na kiharusi, na tangu siku hiyo hakutamka tena neno hata moja. Alikuwa anakutazama tu. Gadiel alimlisha, alimwogesha, na kila alipopita sebuleni alijisemea, si haba, maneno yake yamo humu.

Ilipofika Oktoba kompyuta ikaanza kumwonya kila akiiwasha: mfumo huu umezeeka, kinga dhidi ya virusi inakwisha. Sasa jamani, mtu aliyechanja ng'ombe maisha yake yote, umwambie virusi vinakuja na kinga imekwisha, atakaa? Alihofia kitu kimoja tu, wasifu wa mkewe. Akaifunga kompyuta kwenye shuka, akachukua bajaji hadi Kaloleni kwa fundi aitwaye Brayson.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii nataka uipe kinga mpya."

Brayson alikuwa fundi mzuri, tusimwonee. Alimweleza wazi kwamba mashine ni ya zamani, mfumo mpya haukubali kupanda juu ya ule uliomo. Itabidi anakili mafaili pembeni, afute diski yote, apige Windows mpya, kisha ayarudishe.

"Nakili kila kitu," Gadiel akasema. "Usiache hata kimoja."

"Kila kitu, mzee."

Na kweli alinakili kila kitu. Ila niambie, ni fundi gani utakayemwambia kila kitu akakubebea na takataka? Maneno mawili tu, "na pipani," yangetosha. Gadiel hakuyasema, maana kwake hayakuwa ya kusema. Alirudi nyumbani moyo umetulia. Pipa hakuligusa, kwa kuwa alikuwa ameahidi.

Tabea alifariki Jumatano moja ya Novemba. Alhamisi asubuhi, wanawake wakimenya ndizi uani na turubai limeshafungwa, Gadiel alikaa mbele ya kompyuta, akafungua pipa. Lilikuwa tupu. Akalifunga, akalifungua tena, mara nne, mara tano.

Brayson alikuja alipopigiwa simu. Kuanzia saa tatu hadi saa tisa alichimba na programu ya kufufua vilivyofutwa, akapata nusu ya wimbo wa kwaya, barua ya mwaliko wa harusi isiyo na mwisho, na mafaili yaliyofunguka meupe. Mfumo mpya ulikuwa umeshakaa palepale.

"Mzee, ungeniambia tu," akasema taratibu, hamtazami.

Ni kweli, na ndicho kilichomkata maini. Marehemu wote wa usharika walikuwa salama, mamia yao, kila mmoja na faili lake. Aliyepotea ni mmoja. Na fomu ilikuwepo.

Ijumaa asubuhi aliifungua akaijaza. Jina, mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto wanne. Alipofika kwenye ile sentensi ya mwisho akaifuta. Alitaka kuweka kitu kimoja tu cha Tabea, kisichokuwa cha mtu mwingine. Hata ng'ombe aliyekufa zamani wa mzee Lerionka kule Oldonyo Sambu, Gadiel angeweza kukueleza alizaa mara ngapi na alikuwa anaogopa nini. Mke wa miaka arobaini na minne, alijua tu kwamba alikuwa hatii sukari kwenye chai. Alicheka nini mle sebuleni? Alilia nini? Hakuwahi kuuliza, kwa sababu alikuwa anangoja kusoma. Akakaa hadi kiti kikamuuma. Mwishowe akairudisha ile sentensi.

Jumamosi, kaburini Akheri, aliyesoma ni Anande, binti yao mkubwa aliyetoka Dodoma. Hazikufika dakika nne. Watu walilia pale wanapolia siku zote.

Watu walipokuwa wananawa mikono wapate kula, Anande alimfuata baba yake na karatasi mkononi.

"Baba, Pasaka mama aliniambia ameandika wasifu wake mwenyewe. Alisema kuna mambo ametuwekea humo."

Gadiel alikuwa amejiandaa kusema kweli tangu alfajiri. Sasa ilipofika wakati, aseme nini? Mama yako nimemfuta?

"Ndio huo," akasema.

"Huu niliousoma?"

"Ndio huo."

Anande akaigeuza karatasi kutazama nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Hakuwa na kingine cha kutuambia?"

"Hakuwa nacho," akasema baba yake.

Anande akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akaenda kusaidia kugawa chakula.