Ukumbi Nisioalikwa

Mwishoni mwa miaka ya tisini, ofisi yetu ya mradi wa maji mjini Kisumu iliunganisha kompyuta zake kwa waya ili sote tutumie printa moja. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wao, na nikaona waya ule unaweza kubeba hata porojo. Nikaokota kompyuta kuukuu iliyotupwa stoo, nikaifanya seva, na kila mtu akaweza kuwaandikia wenzake wote kwa pamoja, kama watu walioketi katika ukumbi mmoja. Mkurugenzi hakuambiwa. Pa kunong'onezana hapakuwa pengine: simu za ofisi zilipitia mapokezi, na siri iliyopita mapokezi ilifika mtaa wa Kondele kabla ya chakula cha mchana.

Wiki ya kwanza walicheka mpaka kazi ikalala. Mhasibu, mtu wa Migosi asiyejua kunyamaza, aliandika mashairi ya kuzikejeli tai za mkurugenzi. Nilijivuna sana.

Jambo moja hawakulijua kwa sababu hawakuuliza. Mtu akifungua ukumbi mwingine pembeni, hata asiponialika, maneno yake yalipita kwenye kioo cha seva, mle stoo nilimokaa. Kwa kawaida sikuyasoma. Asubuhi moja niliona jina la kwetu, Asembo Bay, nikasoma.

"Mama yake ameaga. Kaka yake amepiga simu. Asiambiwe hapa."

"Gari iko. Mzee ataendesha mpaka Asembo Bay."

"Tuseme ni mgonjwa tu."

"Nani ataingia stoo? Mimi siwezi."

Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa mbali na nyumbani. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, wenzake wanamsindikiza, na akishafika bomani ndipo anajua, akiwa mikononi mwa watu wake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewasindikiza wengine hivyo. Sasa nilikaa peke yangu kati ya makopo ya rangi, nimejiziba mdomo. Nilitaka kupiga nduru. Niliwakasirikia pia: mnanifanyia siri ndani ya mashine yangu! Lakini ningelia pale, wangejua kwamba wao ndio walionipasulia habari, na wasingejisamehe. Nikazima kioo.

Mhasibu aliingia na sekretari. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Nyar Asembo," alisema, maana siku zote aliniita hivyo, binti wa Asembo. "Mama anasikia vibaya kidogo. Wamesema tukupeleke umwone."

"Kidogo?"

"Kidogo tu. Ni malaria. Chukua sweta."

Garini Mzee, dereva wetu, hakufungua redio. Mimi nilikuwa nikiwaza mtu asiyejua lolote angefanya nini. Angemnunulia mama yake kitu. Nikamwomba Mzee asimame sokoni, nikachagua ndizi zilizoiva sana, kwa kuwa mama alikuwa amebaki na meno machache. Mhasibu alinitazama, kisha akamgeukia muuzaji, akaanza kugombana naye juu ya bei kwa sauti kubwa kupita kiasi, machozi yakimtoka.

"Vumbi ya hapa ni mbaya," sekretari akasema.

Tulipoondoka pale nikaanza kuuamini uongo wetu. Niliwasimulia jinsi mama anavyochukia vidonge vya malaria, jinsi anavyovificha chini ya mto akidhani hatumwoni. Wakacheka kidogo. Nikasema nitalala kwake mpaka apate nguvu. Wakaitikia. Nikaona pengine nilisoma vibaya, pengine ni mama wa mtu mwingine.

Tulipokata kona ya nyumbani niliona turubai, na wanawake wameketi chini uani. Shangazi alikuja mbio, mikono kichwani.

"Mama amekula?" nikamuuliza.

Nduru iliyonitoka baada ya hapo haikuwa ya kuigiza. Mhasibu aliniinua kutoka chini, akirudiarudia, "Nisamehe, tumekudanganya njia nzima." Sikuweza kumwambia kwamba bila uongo ule mama angekuwa amenifia asubuhi, mle stoo, nami nisingepata ile njia nzima ya kuwa naye.