Dira ya Waheshimiwa

Vikao vya mipango mikakati huwa vinanitia usingizi, lakini cha juzi hapa Singida mjini kiliniweka macho mchana kweupe. Wabunge wa kamati inayosimamia huduma za umma walikuwa wanapanga kazi yao ya miaka ijayo, na wananchi wachache tukaalikwa kutoa maoni. Kando yangu alikaa mama mmoja kutoka kijiji kilicho jirani na Shelui, amevaa kitenge kipya.

Mwezeshaji, bwana mwenye tai, akaanza kwa bashasha: "Kwanza kabisa, dira yetu ni ipi? Mama, karibu."

Mama akasimama. "Shikamooni waheshimiwa. Dira tunayo, tulifungiwa ukutani. Shida ni kwamba tukifungua bomba inazunguka hivi," akachora duara hewani kwa kidole, haraka haraka, "lakini kinachotoka ni upepo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwezeshaji akaanza kumweleza kwamba hakuulizia dira ya maji, bali ile inayoonyesha kamati inakoelekea. Mwenyekiti wa kamati akavua miwani, akafuta machozi.

"Mwache," akasema. "Iandike hiyo hiyo. Dira yetu ni bomba litoe maji."

Tukapiga makofi. Mama alipoketi, mwezeshaji akatangaza: "Sasa tuje kwenye dhamira."

Mama akaniinamia. "Na hiyo inafungwa nje au ndani?"

"Ndani, mama," nikamnong'oneza. "Ndiyo maana hakuna anayeweza kuisoma."