Shokishoki Kwenye Mtihani wa Shangazi

Kabla sijakuhadithieni, chekeni kabisa mmalize, maana mimi nimeshachekwa na ukumbi mzima wa wanawake wa Chake Chake, watu wazima na heshima zao, na mmoja wao ni mwalimu wangu wa Baiolojia, kwa hiyo nyinyi hamtoniongezea kitu.

Shangazi yangu, Bi Mize, analea watoto nyumbani kwake Vitongoji. Si wake, wa watu. Mama zao wakienda kwenye mwani au kazini mjini humwachia yeye, sasa hivi wako wanane, na ndiyo kazi yake tangu mimi sijazaliwa (mimi mwenyewe nililelewa pale pale, na wanaosema sikutengenea wakamlaumu yeye). Basi ikaja habari kwamba anayelea watoto wa watu nyumbani lazima awe na kibali, na kibali hakitoki mpaka asome mafunzo, na mafunzo yana mtihani. Shangazi alinuna siku mbili. Akasema yeye ameogesha nusu ya Vitongoji, leo anasomeshwa kunawa mikono. Lakini alikwenda, na akayashika yote: dawa ziwekwe juu, mtoto mchanga alazwe chali, simu za wazazi ziandikwe ukutani. Yote isipokuwa moja, kumwokoa mtoto aliyesakamwa na chakula kooni. Hapo unatakiwa usimame mbele ya watu, utende huku unataja kila hatua kwa sauti, na Shangazi akisimama mbele ya watu maneno humkimbia. Mara ya kwanza akaanguka. Wakampa nafasi moja tu nyengine, na akianguka tena hakuna kibali, na wale wanane wanarudishwa kwa mama zao.

Mwanasesere wa mafunzo alikuwa mmoja, naye shingo imeshamvunjika, kwa hiyo kila mtu aliambiwa aje na mtoto wake wa nyumbani wa kumfanyia. Shangazi akanichukua mimi.

Wiki mbili nzima, nikitoka skuli tu, nasakamwa. Nilisakamwa mlangoni, nilisakamwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikajitupa chini nikakoroma kama ng'ombe, nikausia viatu vyangu apewe nani, na wale watoto wanane wanapiga makofi wanataka nife tena. Shangazi alikuwa akicheka mpaka anaisahau hatua ya pili.

"Wee Zuwena," akaniambia siku moja, anajifuta machozi, "hebu kufa kama watu."

Siku ya mtihani ikafika, ukumbini Madungu, na nje kulikuwa na mtu anauza shokishoki, yale matunda mekundu yenye manyoya. Hapo ndipo akili yangu iliponiponza. Nikajiambia, mtahini akiona shavu limevimba kwa kitu cha kweli, ataamini, na akiamini, Shangazi atapata alama zaidi. Nikanunua, nikamenya moja, nikaiweka shavuni kama kima, na Shangazi sikumwambia (ningemwambia angenipiga pale pale na mkasa wenyewe usingekuwepo).

Mtahini alikuwa Bi Saada, mama wa Unguja, miwani mikubwa, kikombe cha chai pembeni. Akamwita Shangazi, akamwambia mtoto wako alikuwa anakula, ghafla kimemkwama, haya tuoneshe. Mimi nikavuta pumzi kubwa nianze na lile koromo langu maarufu. Shokishoki iliyomenywa mnaijua inavyoteleza. Ikaondoka shavuni, ikaenda ikakaa kooni, ikaziba.

Hakuna koromo lililotoka. Hakikutoka kitu. Nikarusha mikono, nikatoa macho, ukumbi ukacheka, na mama mmoja nikamsikia anasema mashaallah, mtoto huyu amejaaliwa. Mwalimu wangu, aliyekuja kumsindikiza dada yake, alikuwa anapiga makofi. Bi Saada anatikisa kichwa kwa kuridhika na anaandika, yaani mimi nakufa na napewa alama! Na Shangazi kasimama, kaganda, anaitafuta hatua ya kwanza kwenye dari.

Halafu akanitazama.

"Zuwena, hebu sema kitu."

Nikamtazama tu.

"Huyu hatanii," akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayejisemea.

Kufumba na kufumbua nilikuwa nimeinamishwa, napigwa mgongoni kwa kiganja, vibao vitano, vyote naamini vilisikika barabarani. Haikutoka. Akanizunguka nyuma, ngumi juu ya kitovu, akavuta ndani na juu, moja, mbili, na ya tatu shokishoki ikaruka, ikapiga miwani ya Bi Saada, ikatumbukia kwenye chai yake.

Natamani niishie hapo. Lakini mvuto ule ule wa tatu ulikuta tumbo langu limejaa maharage ya asubuhi, na upepo uliokuwemo ukatafuta mlango mwengine, ukatoka mrefu, unapanda na kushuka, ndani ya ukumbi ambao ndiyo kwanza umenyamaza kimya.

"Alhamdulillahi," akasema bibi mmoja wa nyuma, "kazibuka kote."

Watu walishikana wasianguke. Mimi nilikaa kitako sakafuni nimejifunika mtandio uso mzima, navuta pumzi na naomba ardhi ipasuke, vyote kwa pamoja.

Bi Saada akafuta miwani. Akasema, kwa upole, kwamba Bi Mize hakutaja hatua hata moja, na sharti ni kutaja.

"Mwanangu," Shangazi akamjibu, "nilikuwa na kazi."

Wala hakungoja matokeo. Alishanishika kifundo cha mkono ananivuta mlangoni, anasema mtoto aliyebinywa tumbo lazima aonwe na daktari, si ndivyo mlivyotusomesha? Na hiyo ndiyo hatua ya mwisho, ambayo siku ile nzima hakuna aliyeikumbuka. Bi Saada akatukimbilia mpaka ngazini kutuambia kuwa amefaulu, na Shangazi akasema ahsante bila kugeuka.

Hospitali daktari alinipima akasema mzima. Tukakaa kwenye benchi la nje, na mimi nikaona sasa nitagombezwa, nikaanza kutayarisha kichekesho. Nikageuka, nikamkuta kajiziba uso kwa kanga, mabega yanamtikisika, na si kicheko. Kichekesho nikakimeza, nikamwegemea.

Skuli sasa naitwa Mazibuko, na siku tuliyosoma mfumo wa chakula mwalimu alinitazama muda mrefu mno. Nimestahiki. Nitaendelea kuwatania walimu, na hata sheha, mkubwa wa mtaa wetu, akija atapata lake, lakini kufa kwa mzaha mbele ya Shangazi Mize, wallahi, sirudii. Wale watoto wanane wananiomba kila siku. Nawaambia wakamchukue mwanasesere.