Kesi ya Dawa ya Kupe kwenye Kahawa

Kitabu cha kwanza nilichoazima Kasulu kilikuwa kimeandikwa kwa penseli, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: "Muuaji ni shemeji."

Nilikuwa nimehamishiwa huko kutoka Morogoro, afisa mifugo, hata mwezi sijamaliza. Riwaya za upelelezi nilizipata kwa mzee mmoja mwenye duka la vitenge karibu na soko. Mzaliwa wa Tanga, alikuja Kasulu ujanani kununua maharage na hakurudi tena. Rafu moja ya duka lake ilijaa riwaya, mpya mpya nyingine, na alikuwa akiwaazima watu anaowaamini.

Kesho yake nilirudi nimenuna.

"Shikamoo mzee. Kuna mtu kakiharibu kitabu chako."

"Marahaba, daktari." Huko kila anayechoma ng'ombe sindano ni daktari. Akavaa miwani, akasoma, akanirudishia. "Huo ni mwandiko wangu."

Akanieleza bila haya. Mkewe ana presha. Siku moja mama alifika kwenye sura ambayo mtoto amefichwa ndani ya pipa, presha ikapanda, wakamkimbiza hospitali. Alipoulizwa nini kimemsumbua, akajibu, "Mtoto yuko ndani ya pipa!" Wauguzi wawili wakatoka mbio kumtafuta, wakafunua mapipa yote ya maji uani. Tangu hapo mzee husoma kila riwaya yeye kwanza, kisha humwandika muuaji mbele, msomaji aingie akiwa ametulia.

"Mimi nauza vitenge," akasema. "Siwezi kumpa mtu wasiwasi halafu nikamwambia karibu tena."

Nilikasirika wiki nzima, kisha nikazoea, na baada ya kuzoea nikanogewa. Ukimjua muuaji mapema unamtazama anavyomimina chai, anavyowapa watu pole msibani, na unaona vizuri mahali mwandishi anapobabaisha. Na waandishi wa siku hizi wanababaisha sana. Jasusi anapigwa nondo tatu za kichwa, ukurasa unaofuata anaruka ukuta. Mimi nimeona ndama aliyepigwa teke moja akalala siku nne. Jambazi ameshika bastola, badala ya kufyatua anahutubia kurasa tatu. Mpelelezi anafungua kompyuta, siri za serikali tano zinamwagika, wakati mimi nilikuwa napanda juu ya kichuguu kijijini Kitanga kutafuta mtandao ili nitume ripoti ya chanjo ya kuku. Hata hivyo sikuacha hata kimoja njiani. Nilikuwa nasoma huku wafugaji wakikamata ng'ombe, na wakati mwingine nilitamani wasiwakamate haraka.

Ndipo kikaja kile cha tajiri na kahawa. Mbele mzee aliandika, "Muuaji ni mke mdogo." Nilikwenda nacho Kitanga siku sita, macho yote kwa mke mdogo. Akicheka, nasema huyo. Akilia, nasema huyo huyo. Mwisho wa kitabu polisi wakamfunga pingu dereva wa tajiri. Dereva ndiye aliyemtilia tajiri dawa ya kupe, ile tunayowapulizia ng'ombe, ndani ya kahawa.

Niliporudi mjini sikwenda hata kuoga.

"Mzee, safari hii umekosea. Ni dereva."

"Sikukosea," akasema, akiendelea kukunja kitenge. "Mwandishi ndiye amekosea. Dereva yule namfahamu."

"Unamfahamu vipi? Ni mtu wa kitabuni!"

"Miaka kumi na moja anamwendesha bosi wake. Akitaka kumuua si angemwingiza mtoni na gari? Dawa ya kupe ataijulia wapi?" Akanitazama juu ya miwani. "Hebu wewe mtaalamu niambie. Mtu anaweza kuinywa asijue?"

Nikacheka. Dawa ile inanuka kiasi kwamba ukifungua kopo, mbwa anahama kivulini. Nilipomwambia hivyo aliweka kitenge chini.

"Basi utakuja Jumapili kutoa ushahidi."

Nilidhani anatania. Jumapili alasiri nikakuta duka limefungwa na mabenchi yamepangwa uani. Mkewe alikuwa amekaa mbele, kajifunga khanga mpya. Pembeni alikuwa fundi cherehani wa barazani kwao, Muha wa hapo hapo, ambaye hakuwa amekisoma kitabu lakini alikwishasimuliwa chote akishona. Na nyuma ya meza alikaa mgeni aliyetoka Kibondo kwa basi la asubuhi: karani wa mahakama mstaafu, rafiki wa mzee, koti la suti, kalamu mbili mfukoni.

"Shahidi aape," akasema.

"Niape kwa nini, mzee wangu?"

"Kwa imani yako. Hatuko kwenye mchezo hapa. Kuna mtu yuko gerezani."

Nikaapa. Nilikuwa nimekuja na kichupa cha dawa kutoka ofisini, tone la mwisho la kopo lililokwisha. Mama akaleta kikombe cha kahawa nyeusi ya tangawizi. Nikawaonya wote kwamba hakuna atakayeigusa, nikadondosha.

Harufu ikatanda uani. Mama akapiga chafya. Jogoo aliyekuwa juu ya ukuta akashukia kwa jirani. Lakini jambo lililomwinua karani kutoka kwenye kiti ni rangi: kahawa iligeuka nyeupe mbele yetu, kama imetiwa maziwa.

"Ukurasa wa ishirini na mbili!" mzee akapiga kelele, akifungua kitabu. "Anasema mwenyewe: 'Kahawa yangu iwe nyeusi kama usiku.' Angeiona!"

"Angeiona na angeinusa," nikasema.

"Ego," fundi akaitikia, ndiyo yao ya Kiha. "Hata mbuzi asingekunywa."

Nilitegemea sasa lawama zimwendee mke mdogo, na mzee alikwishaanza kutabasamu. Karani akaandika muda mrefu. Kisha akasimama, nasi tukasimama.

"Mahakama imeona kwamba kahawa ile hainyweki. Kwa kuwa hainyweki, haikunywewa. Kwa kuwa haikunywewa, haikuua. Dereva aachiwe huru. Mke mdogo naye hana kesi. Mahakama hii haina marehemu."

"Ala!" mzee akasema. "Si walimzika, sura ya nne?"

"Walimzika kimakosa."

Mama akashika kifua. "Masikini! Na mpaka leo yumo humo?"

Tulimpepea kwa kitabu chenyewe.

Alipotulia, yeye ndiye aliyekumbuka kwamba nyuma ya jalada mwandishi ameweka namba yake ya simu. Mzee akapiga, akaweka sauti ya nje. Kijana mmoja akapokea, nyuma yake kelele za gereji. Karani akamsomea hukumu yote.

"Inageuka nyeupe kweli?" kijana akauliza.

"Nimeiona kwa macho yangu," nikasema.

"Basi chapa ya pili nitampa chai ya maziwa."

"Na harufu je?" karani akauliza kwa ukali.

"Harufu..." Tukamsikia akifikiri. "Nitampa mafua."

Sijawahi kumwona mtu mzima akikasirika vile kwa ajili ya mafua. Karani alipiga meza, akasema huko ni kuchezea ushahidi mbele ya mahakama, akaamuru simu ikatwe. Mzee akaikata. Kisha akachukua kifutio, akafuta ukurasa wa kwanza, akaandika polepole: "Hajafa mtu." Kikawa ndicho kitabu kinachogombewa kuliko vyote dukani, watu waliniuliza hadi kwenye josho la ng'ombe kama kweli yule tajiri ni mzima.

Jioni hiyo nilimsindikiza karani hadi nyumba ya wageni, kwa kuwa basi la Kibondo lilikuwa la asubuhi. Alinipa hukumu niikague, kurasa nne, mwandiko safi kama wa mwaliko wa harusi. Akaniuliza kama sentensi ya mwisho imekaa sawa.

"Imekaa sawa, mzee wangu."

"Maisha yangu yote niliandika hukumu za mahakimu," akasema. "Hii ndiyo ya kwanza kusema mwenyewe." Akazikunja, akazitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo. "Sasa lete kile cha shemeji. Nacho kina walakini."