Nilimfuta mhitaji namba 14 kwenye orodha ya parokia, kisha bahasha ikafunguliwa

Wakuu, salaam kutoka Tabora.

Sina tabia ya kuanzisha uzi. Huwa napita kimya kimya, nasoma, nagonga laiki, naondoka. Ila hili limenikaa kifuani na mke wangu amechoka kulisikia. Nitalisema kama lilivyo. Sijatia chumvi, maana hata bila chumvi linaniaibisha vya kutosha.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki Mtendeni, naishi Gongoni. Parokiani kwetu ni katibu wa kamati ya haki na huduma. Kwa wasio Wakatoliki: hii ndiyo kamati inayotembelea wagonjwa, kuwasindikiza wajane wanaonyang'anywa viwanja, na kila mwaka kabla ya mvua kutengeneza nyumba za wasiojiweza.

Nyumba tano tu. Maombi huwa mengi kuliko hapo.

Majina hayatoki hewani. Parokia imegawanywa katika jumuiya ndogo ndogo, yaani majirani wachache wanaosali pamoja kila wiki. Jumuiya ndiyo inayojua nani kalala njaa, kwa hiyo jumuiya ndiyo inayojaza fomu.

Shida yetu ilikuwa upendeleo. Mwaka juzi nyumba mbili kati ya tano zilikuwa za mashangazi wa wajumbe. Mashangazi walikuwa wahitaji kweli, lakini maneno yalifika mpaka sokoni.

Nikaja na wazo. Fomu zisiwe na majina, ziwe na namba tu. Majina yakae kwenye bahasha iliyogundishwa, aishike mjumbe mwenzetu Mama Stela, mtu ambaye hata mumewe hajui siri zake. Tunajadili namba, tunaamua, ndipo bahasha inafunguliwa.

Nikaongeza na kifungu: uamuzi ukishapita, hakuna kuurudia baada ya kuona jina.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alisema hajawahi kuona utaratibu safi namna hiyo. Wiki nzima nilitembea kama mtu aliyegundua umeme.

Kikao kikafika, Jumamosi asubuhi, tuko watu sita. Tukaenda vizuri mpaka namba 14. Fomu ilisomeka hivi:

"Mjane, mzee, anaishi peke yake. Ukuta wa chumba cha kulala ulianguka mvua zilizopita. Analala sebuleni. Ukuta wa pembeni umeegemezwa miti na jirani. Watoto wawili. Wa kike yuko mbali, mkulima, hali ngumu. Wa kiume yupo hapa mjini, ana shughuli yake. Hupiga simu."

Hilo la "hupiga simu" lilinipandisha hasira.

Wakuu, nilisimama. Kwenye kikao chetu hakuna anayesimama, hatuna hata sababu. Nikasema parokia haiwezi kumtunzia mwanaume mzima mama yake. Nikasema watu wa namna hii ndio wanaoketi viti vya mbele Jumapili. Nikasema tukimjengea huyu mama tutakuwa tumempongeza huyo mtoto.

Mama Stela alikuwa anaangalia sakafu.

"Katibu, una uhakika?" akaniuliza.

"Asilimia mia."

Zaidi ya hapo asingeweza, kanuni ilimfunga mdomo, na kanuni ilikuwa yangu.

Nikapendekeza mawili: namba 14 afutwe kwenye orodha, na huyo mwanawe aitwe mbele ya kamati ajieleze. Yakapita yote. Niliandika kwenye muhtasari kwa mkono wangu, nikapiga mstari chini.

Kisha bahasha ikafunguliwa, mwenyekiti akaanza kusoma majina. Alipofika namba 14 akasoma jina la mama yangu. Lote, pamoja na la ubatizo. Jumuiya moja ya Itetemia.

Mwanzoni nilidhani ni majina kufanana. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akavaa, akasoma tena. Halikubadilika.

Najua mtauliza: inakuwaje hujui nyumba ya mama yako imeanguka?

Kila Jumapili baada ya misa nampigia. Shikamoo mama. Marahaba baba. Unaendeleaje? Naendelea vizuri, Mungu ni mwema. Baada ya hapo mimi ndiye ninayeongea, namweleza kazi za kamati.

Pasaka nilikwenda. Nikakuta kitanda kiko sebuleni. Nikauliza, akasema chumbani kuna joto. Nikaamini. Tabora kuna joto kweli.

Turudi kikaoni. Mjumbe mmoja mwenye huruma akasema labda namba 14 tuirudie.

"Katibu," mwenyekiti akasema, "kifungu chako kinasemaje?"

Nikakisoma. Kilikuwa kimeandikwa vizuri sana.

Ikabaki barua ya wito. Barua za wito huandikwa na katibu. Nikaandika: "Ndugu, unatakiwa kufika mbele ya kamati Jumamosi ijayo." Nikasaini. Kwenye daftari la barua nikasaini mara mbili, mtumaji na mpokeaji.

Hapa ndipo mnipige mawe. Siku ile ile ningeweza kwenda Itetemia. Sikwenda. Niliona aibu.

Nilipiga simu.

Akasema anaendelea vizuri.

Jumamosi nikaketi kiti cha wanaoitwa. Mama Stela alitaka kushika kalamu, mwenyekiti akasema katibu yupo. Kwa hiyo muhtasari wa kuhojiwa kwangu niliuandika mwenyewe. Unasema: "Mwitwa alisema hakujua. Kamati ilimuuliza kwa nini hakujua. Mwitwa hakuwa na jibu." Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyenikemea. Afadhali wangenikemea.

Nikatoka pale nikatafuta gari la tofali za kuchoma na fundi, tukaenda. Wingu lilikuwa limeshaanza kujikusanya, na ule ukuta wa pembeni usingestahimili mvua mbili.

Wa kwanza kutupokea alikuwa jirani, Mzee Saidi, fundi seremala. Ndiye aliyeegemeza ile miti. Haendi kanisani kwetu, anasali msikitini, na wala hakujaza fomu yoyote. Aliona ukuta unalala, akaleta miti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefika. Basi ukuta ukisimama utaniambia nichukue miti yangu, nina kazi nayo."

Basi, hayo tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama alitoka na kanga yake begani, akaangalia tofali zikishushwa.

"Kamati imekubali?"

"Hapana mama. Kamati imekukataa. Mimi ndiye niliyekukataa. Fomu hazikuwa na majina, sikujua ni wewe."

Akakaa kwenye kigoda.

"Hazikuwa na majina?"

"Hazikuwa nayo. Mama, kwa nini hukuniambia kwenye simu?"

"Baba, kwenye simu kila wiki una mgonjwa, una mjane. Nikaona nisikuongezee." Akawa anakunja pindo la kanga. "Nikawaambia jumuiya waniandike tu kwenye orodha. Tofali sikuwa nazitegemea sana. Nilijua orodha unaisoma. Nikasema akiliona jina langu, atakuja."

Wakuu, nina miaka arobaini na mitatu. Nililia mbele ya fundi.

Ukuta umesimama, miti imerudi kwa mwenyewe. Ukatibu bado ninao, niliomba kujiuzulu wakakataa, nadhani ni sehemu ya adhabu. Fomu bado hazina majina, maana utaratibu wenyewe si mbaya. Nilichojifunza ni kwamba mtu mzima anaweza kusema "naendelea vizuri" akiwa amezungukwa na kifusi, na sauti yake isitikisike hata kidogo.

Mwenye la kusema aseme, hata ya kunichana nitayasoma yote. Ila kama mama yako yuko umbali wa kutembea, nenda kwanza ukaone anapolala. Utanitukana ukirudi.