Ukoko wa Birika

Fundi wa mashine ya mvuke ya hospitali, hapa Hombo, haingii nyumba ya mtu bila kufunua birika. Hutoa salamu, kisha huinamisha jicho moja ndani kama anayemkagua mtoto koo. Akikuta weupe wa chokaa, hakuna chai mpaka birika lichemshwe na ndimu. Tangu kisiwa chetu cha Nzwani kijitenge na serikali ya Moroni, meli zimekatazwa na dawa ya kusafishia mabomba haiji, kwa hiyo amezimaliza ndimu za mtaa mzima. Mabomba yake yakiziba, vyombo vya upasuaji havichemshwi. Hilo tunalijua, lakini wanawake wanamficha achari ya ndimu. Vidole vimemchubuka kwa ukali wa ndimu, siku hizi anakula wali kwa kijiko na kusingizia adabu za Kifaransa.

“Haya maji ya mto, fundi, siyo ya visima vyenu vya chumvi,” jirani yetu Bi Touhfat humwambia. “Mbona hukurudi kwenu Moroni na wenzako?”

“Na mabomba nimwachie nani?” hujibu, ukucha wake ukikwaruza birika la Bi Touhfat.

Ijumaa alishikwa na homa, nikampelekea uji. Nikaona zamu yangu imefika, nikafunua birika lake, lile alilokuja nalo kutoka Moroni. Ukoko ulikuwa mnene kama kigae. Nikacheka, nikachukua kijiko nimkwangulie. Akainuka kitandani, akanishika mkono.

“Hilo liache, jirani,” akasema. “Hayo ni maji ya kisima cha mama.”