Toazi la Bi Mwanamkisi

Husni wa Siyu hafui kitu kabla ya kukidadisi. Mpelekee jembe, kisu au bawaba ya mlango: kwanza atakigeuzageuza, atakigonga kwa ukucha, atakisikiliza, ndipo awashe moto. Majirani humcheka kwamba anazungumza na vyuma. Acha wacheke! Kazi za mafundi wa mji huu zimefungiwa kwenye makabati ya vioo nchi za mbali, nasi tunaambiwa ufundi wenyewe umekwisha. Haujakwisha. Nenda nyuma ya nyumba ya Husni, utausikia ukigonga.

Mwaka huu kilichomnyima raha ni toazi.

Shangazi yake, Bi Mwanamkisi, ndiye kiongozi wa ngoma ya wanawake kwenye harusi za Siyu. Ngoma hiyo haichezwi bila visahani viwili vya shaba vinavyogonganishwa kwa mikono, matoazi aliyorithi kwa mamake. Siku moja, wimbo umekolea, moja likapasuka. Alimletea Husni vipande ndani ya kanga.

"Harusi ya Shifa wangu ni baada ya Maulidi," alisema. "Usiponifulia jingine, upande wa bwana arusi utaleta kinanda cha umeme kutoka Amu. Na kikiijua ndia ya kuja huku, mwanangu, hakitarudi tena."

"Nitafua, shangazi."

"Nitafua, nitafua! Upawa wangu nao ungali waambiwa nitafua."

Husni aliviyeyusha vile vipande, akaimimina shaba kwenye kalibu ya udongo, akapata kisahani kinene cha kufuliwa kiwe chembamba. Akakitia motoni hadi kikawa chekundu, kisha akakifukia majivuni kipoe polepole. Ndivyo alivyofundishwa na babake: chuma chekundu ukikichovya majini huwa kigumu, ukikiacha kipoe taratibu hulainika. Alipoinua nyundo na kupiga, kisahani kikapasuka kama kigae.

Akayeyusha upya. Safari hii akaongeza majivu, akasubiri zaidi. Kikapasuka vibaya kuliko mwanzo. Na kila akiyeyusha, shaba ilipungua.

"Hii shaba ina nini?" alifoka.

Mkewe, Ruba, akajibu kutoka jikoni: "Iulize yenyewe, si nyinyi mwazungumza?"

Akavirudisha vipande motoni. Alipokuwa akivipanga upya, kimoja kilichokwisha kuwa chekundu kikateleza kwenye koleo, kikatumbukia katika mtungi wa maji anaozimia visu. Chsss! Akakitoa akiamini kimekuwa kigumu mara mbili. Akakigonga tu, aone kitavunjika vipande vingapi.

Hakikuvunjika. Kilipinda.

Husni aliketi chini. Akakitia moto tena, akakizima majini, akakigonga: kikazidi kupinda. Akakitia moto mara nyingine, akakifukia majivuni, akangoja kipoe, akakigonga: kikakatika.

"Ruba! Njoo uone! Yaenda kinyume!"

"Nini yaenda kinyume?"

"Shaba! Chuma ukikitia majini chakasirika, hii yapoa roho!"

Ruba alikuja na mwiko mkononi, akataka kugonga mwenyewe. Akagonga, akacheka.

Basi Husni akamimina kisahani cha tatu, akawa anakitia moto, anakizima majini, anakifua, hata kikawa chembamba na kikaanza kulia. Lakini shaba ilikuwa imepungua. Toazi jipya lilikuwa dogo kuliko mwenzake, na sauti yake ilikuwa juu zaidi. Alilipeleka kwa shangazi yake akiwa ameinamisha kichwa.

"Umenipunja," Bi Mwanamkisi alisema alipoyapima yote mawili kiganjani.

"Shaba haikutosha, shangazi."

Aliyagonganisha. Sauti mbili zikatoka, moja nzito, moja nyembamba, zikakimbizana ukumbini hadi zikazimika. Bi Mwanamkisi akagonganisha tena, macho ameyafumba. Kisha, bila kumtazama mtu, akaanza kuimba polepole wimbo wa kumtoa bibi arusi. Shifa aliyekuwa akichambua mchele akaitikia.

Wimbo ulipokwisha, Bi Mwanamkisi aliyatua matoazi mapajani.

"Yale ya mama yalikuwa na sauti moja," Bi Mwanamkisi alisema. "Haya yabishana. Nayapenda. Shifa, wapigie simu wakweo, kinanda wakiwache huko huko Amu."

Kisha akamgeukia Husni.

"Na wewe, ulifanyaje?"

Alipomweleza habari ya maji, shangazi yake alimkazia macho. "Wanifanya mtoto? Moto uzimwe kwa maji, shaba ilainike?"

"Wallahi."

Akajitanda buibui lake. "Tangulia. Nataka kugonga mwenyewe."